Kuchagua nchi ya kustaafia: mwongozo kwa aliyefanya kazi Uingereza

Nimefanya kazi Uingereza miaka 27, sehemu kubwa katika nyumba za kulea wazee. Nimewalisha, nimewageuza kitandani, nimewasomea barua za pensheni ambazo macho yao yalishindwa kuzisoma. Kwa hiyo nikimsikia mwenzangu wa miaka hamsini na kitu akisema, "Nikistaafu naenda zangu Tanga," au, "Mimi Mombasa, baridi hii imetosha," humuuliza kama ameshapiga hesabu ya miaka ishirini. Anayeshuka ndege ni mtu wa miaka 66 mwenye afya yake. Atakayeishi pale ni yeye yule akiwa na miaka 82, goti moja limekataa na dawa za presha ziko mezani.

Mwongozo huu nimeuandika zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki ambaye pensheni yake inatoka Uingereza. Wenzetu wa Marekani na Ghuba nimewagusia njiani, maana sheria zao ni nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu hatua mbili za mwanzo zinaweza kufuta nchi nzima kwenye orodha yako kabla hujatazama picha ya nyumba hata moja.

Hatua ya 1: Jua pensheni yako ni kiasi gani hasa

Usikisie. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza uone rekodi yako ya michango ya Bima ya Taifa (National Insurance). Pensheni mpya ya serikali, iliyoanza Aprili 2016, inataka angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ndipo upate kiwango kamili. Kuanzia Aprili 2025 kiwango kamili kilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Wengi wetu tulifika watu wazima, kwa hiyo miaka 35 hatuna. Mwenye miaka 20 anapata takriban pauni 131 na nusu kwa wiki, na hiyo ndiyo ya kupangia maisha.

Kama una mapengo, angalia kama unaweza kuyanunua kabla hujaondoka. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26, mchango wa hiari wa daraja la 3 ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, yaani kama pauni 923 kwa mwaka mzima. Mwaka mmoja wa mchango unaongeza pensheni kwa takriban pauni 6.58 kwa wiki, karibu pauni 342 kwa mwaka. Ukiishi miaka mitatu tu baada ya kuanza kulipwa, pesa yako imesharudi. Sijaona akiba nyingine ya mtu wa kawaida inayolipa hivyo. Lakini uliza kwanza kama mwaka unaotaka kuununua utakuongezea kitu, maana rekodi nyingine zimeshajaa bila mwenyewe kujua.

Umri wa kuanza kulipwa ulikuwa 66 hadi mwanzoni mwa 2026, na unapanda hadi 67 kati ya 2026 na 2028. Pensheni binafsi ya kazini unaweza kuigusa ukiwa na miaka 55, lakini kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57.

Hatua ya 2: Jua nchi unayoiendea itaifanya nini pensheni hiyo

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima na akili zao wakilia kwa jambo hili.

Kila Aprili pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa. Lakini nyongeza hiyo inamfuata mstaafu katika baadhi ya nchi tu: nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake wa kiuchumi, Uswisi, na nchi chache zenye mkataba unaoruhusu, kama Marekani, Uturuki, Ufilipino, Jamaika, Barbados na Morisi. Kwingine kote pensheni inaganda. Unabaki na kile ulicholipwa siku ulipohama, au siku ulipoanza kulipwa ukiwa huko, mpaka unaingia kaburini. Kenya inaganda, Tanzania inaganda, Uganda na Rwanda vilevile, Omani pia. Hata Kanada na Australia, ambazo mtu angedhani ni damu moja na Uingereza, zinaganda.

Mjomba wangu alifikia umri wa pensheni mwishoni mwa 2016 akarudi Muheza, mkoani Tanga. Kiwango kamili cha wakati ule kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki, na mpaka leo ndicho anachopata. Jirani yake wa zamani waliyestaafu mwaka mmoja, aliyebaki Leicester na rekodi kamili kama yake, mwaka 2025 alikuwa akipata 230.25. Tofauti ni pauni 74.60 kwa wiki, karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na inakua kila Aprili. Walichangia sawasawa. Wastaafu walishalipeleka suala hili mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wakashindwa. Kwa hiyo usipange maisha kwa matumaini kwamba sheria itabadilika.

Sisemi usiende Muheza. Nasema fanya hesabu ukiwa umeigandisha. Chukua pensheni yako ya mwaka wa kwanza, iandike ileile kwa miaka 20, kisha weka gharama za maisha zikipanda. Utaona mstari wa matumizi unaupita mstari wa kipato mwaka gani. Kama ni mwaka wa nane, unahitaji kitu kingine cha kuziba: pensheni ya kazini, nyumba ya kupangisha, akiba.

Mambo mawili ya kupunguza maumivu. Ukirudi kuishi Uingereza, pensheni inapandishwa hadi kiwango cha siku hiyo. Hata ukija kutembea unaweza kuomba ulipwe kiwango kipya kwa muda utakaokuwepo. La pili, ukichelewesha kuanza kuchukua pensheni, inaongezeka kwa asilimia 1 kwa kila wiki 9, karibu asilimia 5.8 kwa mwaka. Mwenye nguvu ya kufanya kazi mwaka mmoja zaidi aliangalie hilo kabla ya kuganda.

Na ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, Pension Credit, haihami nawe. Ukiondoka moja kwa moja inakatwa, pamoja na msaada wa kodi ya nyumba. Kwa mtu ambaye nusu ya maisha yake Leicester inabebwa na misaada hiyo, kurudi nyumbani si nafuu kama anavyodhani.

Wa Marekani wana unafuu hapa: pensheni ya Social Security inaendelea kupandishwa hata raia akiishi Kisumu au Moshi. Asiye raia achunguze, kwa sababu baada ya miezi sita nje malipo yanaweza kusimama kutegemea uraia wake na miaka aliyokaa. Wa Ghuba wana shida kubwa zaidi: mara nyingi hawana pensheni kabisa, wana kiinua mgongo tu. Falme za Kiarabu zinahesabu siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Pesa hiyo inakuja mara moja, na ndugu wote wanajua siku imekuja.

Hatua ya 3: Paspoti kwanza, kiwanja baadaye

Hapa njia za Waafrika Mashariki zinaachana. Mkenya ana bahati: Katiba ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba kurudishiwa. Mganda na Mnyarwanda nao wanaruhusiwa. Mkongomani na Mtanzania hawaruhusiwi: ukila kiapo cha Uingereza kwa hiari yako, umeuacha ule wa kwanza. Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, yenye nafuu za kuingia, kuishi na kutumia ardhi kwa masharti. Ni hatua nzuri, lakini haikupi uraia wala kura. Soma masharti yake mwenyewe kabla ya kutia pesa.

Aliyebaki na paspoti ya Tanzania na kibali cha kudumu cha ukaazi cha Uingereza ajue kwamba kibali hicho kinakufa akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Pensheni yake haifi, ila mlango wa kurudi kutibiwa au kulelewa umefungwa, na kuufungua tena ni maombi mapya na gharama. Mimi niko kundi hili. Nimeamua kwamba nitarudi Uingereza angalau mara moja kila mwaka na nusu mpaka nitakapokuwa na hakika sihitaji tena mlango huo, na nauli hiyo nimeiweka kwenye bajeti kama ninavyoweka umeme.

Kuhusu ardhi: nchini Kenya asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kupangishwa, na muda hauzidi miaka 99. Tanzania bara asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali. Ndiyo maana wengi wetu tunaandikisha kiwanja kwa jina la kaka au mtoto wa shangazi. Mwaka 2009 nilinunua kiwanja kwa njia ya simu. Nilipofika kukiona nikakuta msingi wa mtu mwingine umeshafika kozi ya tano ya matofali, na yeye ana karatasi kama mimi. Sikuipata ile pesa. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, wakili ambaye hajaletwa na muuzaji, na hati yenye jina langu. Vikikosekana vyote hivyo, panga. Mzee anayepanga nyumba nzuri karibu na hospitali amepata usalama kuliko mwenye ghorofa porini lenye jina la mpwa.

Hatua ya 4: Pima njia ya kwenda hospitali usiku

Huduma ya afya ya Uingereza inategemea makazi. Ukihama kabisa, umeiacha. Ukihamia nchi za Umoja wa Ulaya ukiwa unalipwa pensheni ya Uingereza, kuna fomu ya S1 inayofanya nchi ile ikutibu kwa gharama ya Uingereza. Kwa Tanzania na Kenya hakuna kitu kama hicho. Wa Marekani nao Medicare yao, kwa kawaida, haivuki mpaka.

Kwa hiyo orodhesha magonjwa uliyonayo na yale ya ukoo wenu, kisha tafuta kila moja linatibiwa wapi. Moyo: Taasisi ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Saratani: Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kaskazini kuna KCMC Moshi, kwa kanda ya ziwa Bugando Mwanza, kwa magharibi ya Kenya hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret. Kusafisha figo ndiko kunakohukumu ramani, kwa sababu ni mara mbili au tatu kila wiki kwa maisha yote. Mtu anayehitaji huduma hiyo hawezi kuishi saa tatu kutoka kwenye mashine, hata bahari iwe nzuri namna gani.

Halafu ipime ile njia. Nilikwenda kulala kwa ndugu zangu upande wa Pangani, nikaamka saa nane usiku, nikatafuta dereva wa kunipeleka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga mjini. Nilikuwa mzima, nataka tu kuona saa. Dereva wa kwanza hakupokea simu, akapatikana wa pili baada ya dakika arobaini. Mvua ilikuwa imenyesha na tulikuwa tukienda kwa mwendo wa kutembea sehemu nyingine. Nilipofika getini mgongo uliniuma, na mimi sikuwa na ugonjwa wowote. Siku ile ndipo nilipofuta kijiji na kuandika Tanga mjini, nyumba ya chini, isiyo na ngazi.

Bima ya binafsi inunue mapema. Kampuni nyingi zina umri wa mwisho wa kupokea mwanachama mpya, na ukiuvuka hata pesa yako hawaitaki. Uliza maswali matatu: umri wa mwisho wa kuingia, umri wa mwisho wa kuendelea, na kama wanalipia magonjwa unayoingia nayo. Kenya ina mfuko wa bima ya afya ya jamii chini ya mamlaka ya SHA, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, na Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Jiandikishe kama unastahili, lakini usiufanye ndio tegemeo lako pekee.

Hatua ya 5: Taja kwa jina mtu atakayekuuguza

Nililea mzee mmoja wa Kipolandi aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa msimamizi wa kiwanda, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, Kiingereza kiliondoka chote. Usiku kucha alikuwa akisema "zimno, zimno," nasi tukadhani anamwita mtu. Ilichukua siku nne mpaka msichana wa jikoni aliyetoka Poland akapita mlangoni akasema, jamani, mzee anasema anasikia baridi. Nilimfunika blanketi la pili nikiwa naona aibu ambayo bado ninayo.

Tangu siku hiyo lugha iko juu sana kwenye orodha yangu. Morisi ina kibali cha wastaafu wa kigeni kuanzia miaka 50, na pensheni ya Uingereza inapanda huko. Kwa karatasi ni chaguo bora kuliko Kenya na Tanzania. Lakini atakayenifunika blanketi kule atanisikiaje nikibaki na Kiswahili peke yake? Kama una mwenzi wa huko au unajua Kifaransa, hesabu yako itakuwa nyingine.

Wala kurudi nyumbani hakukupi mlezi kwa kudra tu. Watoto wako wako Reading na Birmingham, wana mikopo ya nyumba. Wapwa wako Dar na Nairobi wakitafuta. Nyumba za kulea wazee kule kwetu Afrika Mashariki ni chache mno. Chukua karatasi uandike jina la mtu, namba yake, na kama ulishamuuliza. "Familia ipo" si jina. Kama atakuwa msaidizi wa kulipwa, mpangie mshahara wa kweli na siku ya mapumziko, na ujue mgonjwa wa kitandani anahitaji watu wawili, wa mchana na wa usiku.

Hatua ya 6: Kodi na sarafu

Hii fupi. Raia wa Uingereza anabaki na kiwango kisichotozwa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka, hata akiishi nje. Uingereza na Kenya zina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Tanzania na Uingereza hazina. Mwenye pensheni kubwa ya kazini amlipe mhasibu saa moja kabla ya kuhama.

Sarafu nayo inacheza. Januari 2024 dola moja nchini Kenya ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa akipokea dola 1,000 alipoteza shilingi 30,000 za matumizi ya mwezi bila kukosea popote. Weka akiba ya miezi sita kwa sarafu ya nchi unayoishi.

Hatua ya 7: Kaishi huko wakati wa masika

Sote tunakwenda Desemba. Kuna harusi, watoto wamefunga shule, kila mlango uko wazi kwa sababu umekuja na masanduku. Ukitaka kuijua nchi, nenda Aprili na Mei, ukae miezi mitatu, usiwaambie watu wengi. Panga chumba na sebule mtaa unaoufikiria. Nunua sokoni mwenyewe, lipa umeme mwenyewe, panda daladala au matatu kwenda kliniki kupima presha. Andika kila shilingi kwenye daftari. Wiki ya sita ndiyo muhimu: wageni wamekwisha kukutembelea, mvua inanyesha tangu alfajiri, na una siku nzima mbele yako. Angalia unajisikiaje, na kama kuna mtu wa kuzungumza naye.

Kama ni wawili, kila mmoja aandike daftari lake. Nimeona ndoa nyingi ambazo mume anarudi kwenye baraza la kahawa na wenzake, mke anarudi kuwapikia wageni wa ukoo mzima akiwa na miaka 68. Na mjadiliane wazi mmoja akitangulia yule mwingine atabaki wapi. Wosia uwe umeandikwa kwa mali za nchi zote mbili, na wakili wa kila nchi auone.

Hatua ya 8: Makaratasi ya kuondokea

Wajulishe watu wa pensheni wa kimataifa, watu wa kodi na daktari wako. Usifunge akaunti ya benki ya Uingereza kabla hujapata uhakika malipo yanafika unakotaka. Chukua nakala ya rekodi zako zote za matibabu. Beba namba ya Bima ya Taifa kama unavyobeba paspoti, na umpe nakala mtu mmoja unayemwamini.

La mwisho ndilo lililomponza mjomba. Anayelipwa pensheni nje ya Uingereza hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba yuko hai. Unaijaza, shahidi asiye ndugu yako anasaini, unairudisha ndani ya muda. Isiporudi, malipo yanasimama. Mjomba alikuwa ametoa anwani ya sanduku la posta la shule aliyowahi kusoma, kwa sababu lake hakuwa nalo. Fomu ikafika wakati wa likizo, ikawekwa juu ya kabati na barua nyingine, ikakaa. Pensheni ilikatika miezi mitatu kabla hajajua sababu, na muda huo aliishi kwa kukopa duka la jirani. Tulipoipata bahasha ilikuwa na vumbi la chaki. Alilipwa malimbikizo baadaye, lakini miezi ile hakuwa na dawa za sukari za kutosha, na mguu wake wa kushoto haujapona vizuri tangu wakati ule. Sasa barua zake zinakwenda kwenye sanduku la binti yake Tanga mjini, ambaye hupita posta kila Ijumaa akitoka kazini.